Sura ya Tisa: Kishikwambi Kirudi, Mambo Yako Yasiende Nacho

Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake kwa vishikwambi kwa mara ya kwanza. Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23, makarani walipita kaya kwa kaya wakijaza majibu kwenye kioo badala ya madodoso ya karatasi, na hesabu ikatoka: watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha, vifaa havikuachwa vilale stoo. Serikali ilivielekeza kwenye elimu, vikaingia mikononi mwa walimu. Kenya nayo ilikuwa imetumia vishikwambi katika sensa yake ya Agosti 2019, vilivyounganishwa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Chuo Kikuu cha Moi.

Kifaa kimoja kufanya kazi mbili au tatu ni matumizi mazuri ya fedha za umma. Ndivyo inavyokuwa pia kwa kishikwambi cha mradi wa afya ya jamii, cha benki inayosajili wateja vijijini, cha shule, au kile ulichonunua dukani juzi na leo unakirudisha kwa sababu betri haikai na chaji. Kifaa huhama mkono, na kila kinapohama kinabeba kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya makabidhiano.

Angalia jinsi kifaa cha ofisi kinavyorudishwa. Mwenye stoo anafungua daftari, analinganisha namba iliyobandikwa mgongoni mwa kifaa na ile ya kwenye fomu, anakielekeza kioo kwenye mwanga kutafuta ufa. Anauliza chaja. Anauliza kava. Anabonyeza kitufe cha pembeni kuona kama kinawaka, kinawaka, anasaini, unasaini, mnaagana. Vilivyokaguliwa ni plastiki, kioo na waya. Picha ya kitambulisho chako iliyomo ndani haikuulizwa na mtu.

Dai la sura hii ni jepesi kulisema na gumu kidogo kulizoea: katika vifaa vya leo, data haifutwi kwa kukwanguliwa. Inafutwa kwa kuharibu ufunguo uliofungia data hiyo. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini hatua zinafuatana jinsi zinavyofuatana, na kwa nini kazi ya siku ya kurudisha huanza siku ya kupokea.

Kinachobaki ndani

Mtu akiulizwa ana nini kwenye kishikwambi cha kazi, hujibu haraka kwamba hana kitu, ni mambo ya ofisi tu. Kisha mkae naye mkifungue. Folda ya vilivyopakuliwa ina hati ya mshahara, tiketi ya basi, barua ya mkopo na picha ya kitambulisho cha taifa aliyoipiga siku ile alipotakiwa kuituma kwa barua pepe. Kivinjari kimekariri nywila tano. WhatsApp imehifadhi sauti na picha za makundi yote, la familia na la kikoba. Kibodi imejifunza majina ya watoto wake. Ramani inajua anakolala na anakosali. Mitandao ya Wi-Fi aliyowahi kuunganisha imeorodheshwa kwa majina, na majina hayo yanaweza kutaja nyumba za ndugu, hoteli na zahanati.

Halafu kuna data za watu wengine, ambazo ndizo nzito zaidi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana majina ya wajawazito wa mtaa mzima. Mwalimu ana alama za wanafunzi na namba za simu za wazazi. Ofisa mikopo ana picha za wateja wakiwa wameshika vitambulisho vyao kifuani. Watu hao walimpa taarifa zao mtu aliyetumwa na taasisi wanayoiamini. Hawakumpa yule atakayekishika kifaa mwaka kesho.

Walionunua mitumba wakachungulia

Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski za kompyuta 158 walizozinunua sokoni zikiwa zimetumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo ni 12. Katika nyingine walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu, na diski mojawapo ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea fedha.

Vifaa vya mkononi havikuwa bora. Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Avast ilinunua simu 20 za Android zilizotumika kupitia eBay, ikatoa ndani yake picha zaidi ya 40,000. Mwaka uliofuata Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima simu 21 za watengenezaji watano, zenye Android kuanzia toleo la 2.3 hadi 4.3, zote zikiwa zimerudishwa kwenye hali ya kiwandani kwa kitufe chake halali. Walikadiria kwamba hadi vifaa milioni 500 duniani havikuwa vikifuta sawasawa sehemu inayohifadhi nywila na taarifa nyeti. Mara nane katika kumi waliweza kuichomoa alama ya siri inayofungua akaunti ya Google ya mmiliki wa zamani. Mwenye simu ya namna hiyo angekuwa ametimiza wajibu wake kwa kubonyeza palipoandikwa futa, na kifaa kingemjibu kwamba kimefuta.

Kwa nini kufuta hakufuti

Ukifuta faili, mfumo hauendi kuiondoa herufi kwa herufi. Unaondoa rejea yake kwenye orodha, na nafasi yake inatangazwa kuwa wazi. Ni kama kung'oa kibao cha namba kwenye nyumba: mtaani haionekani tena kwenye orodha, ila kuta zimesimama na vyombo vimo ndani. Mwenye programu ya kufufua faili haulizi namba, anagonga kila mlango.

Zamani za diski za sumaku, dawa ilikuwa kuandika juu ya yaliyoandikwa. Peter Gutmann alichapisha mwaka 1996 utaratibu wa kuandika juu mara 35, na mpaka leo wapo mafundi wanaoutaja kama kanuni. Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba mizunguko yote 35 haikukusudiwa diski moja. Ilikusanya mbinu za aina mbalimbali za diski za wakati ule, kila aina na mizunguko yake. Kishikwambi hakina diski ya sumaku hata moja.

Ndani ya kishikwambi kuna chipu ya flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Data huandikwa kwenye kurasa ndogo za kilobaiti chache, lakini ukurasa mmoja hauwezi kufutwa peke yake. Hufutwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, na kila bloku huchoka ikishafutwa mara elfu kadhaa. Ili zisichoke kwa upendeleo, kidhibiti kilichomo ndani ya hifadhi huzigawia kazi kwa zamu. Ukihariri picha na kuihifadhi, toleo jipya huandikwa mahali pengine kabisa, na lile la zamani hubaki lilipo, limewekewa alama ya taka, likisubiri siku bloku yake itakapofagiliwa. Ndiyo maana agizo la kuandika juu ya faili ileile halifiki unakodhani linafika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizijaribu mbinu za kufuta faili mojamoja zilizorithiwa kutoka diski za sumaku, wakakuta hakuna hata moja inayofaa kwenye hifadhi za flashi. Hifadhi mojawapo iliripoti kuwa imejifuta kikamilifu huku data zote zikiwa palepale.

Kwa hiyo zile programu za kusagasaga faili unazozikuta kwenye duka la programu, zenye picha ya mashine ya kuchana karatasi, zinakuuzia utulivu wa moyo tu.

Ufunguo

Suluhisho lilikuja kwa njia ya pembeni. Kama huwezi kuwa na hakika ya kufuta kila ukurasa, hakikisha kwamba tangu siku ya kwanza hakuna ukurasa ulioandikwa wazi. Kila kinachoingia kwenye chipu kinasimbwa kwanza kwa ufunguo, yaani namba ndefu ya kubahatisha iliyotunzwa sehemu maalumu ya kifaa. Siku ya kufuta, unaharibiwa ufunguo. Kurasa zinaweza kubaki zote, hata zile zilizosahauliwa na kidhibiti, lakini bila ufunguo ni vurugu isiyosomeka. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa kusafisha hifadhi wa Desemba 2014, iliutambua ufutaji huu wa ufunguo kuwa njia halali ilimradi usimbaji ulikuwepo kabla data haijaandikwa.

Apple ilianza kusimba kwa vifaa vya ndani ya chipu kwenye iPhone 3GS ya mwaka 2009, na iPad ya kwanza ya mwaka 2010 ikaja na uwezo huo. Tofauti ilionekana kwa saa: iPhone za mwanzo zilipoagizwa kujifuta ziliandika juu ya hifadhi yote, kazi iliyoweza kuchukua saa nzima na zaidi, wakati zilizofuata zilimaliza kwa muda mfupi sana kwa sababu kinachofutwa ni ufunguo peke yake.

Android ilichukua njia ndefu. Toleo la 6 la mwaka 2015 liliwataka watengenezaji kuwasha usimbaji kwenye vifaa vipya vyenye nguvu ya kutosha, na hapo kwenye nguvu ya kutosha ndipo vishikwambi vya bei nafuu vilipopata mwanya wa kuachwa nje. Mwaka 2019 Google ikaleta Adiantum, njia ya kusimba isiyozielemea prosesa dhaifu, na kuanzia Android 10 ya mwaka huohuo kila kifaa kipya kikatakiwa kusimba, cha bei ya juu na cha bei ya chini. Kishikwambi kilichotoka kiwandani na Android 10 au zaidi, na iPad yoyote, vinakupa msingi mzuri. Kazi yako ni kutouharibu kwa uzembe.

Kazi na mpangilio wake

Anza na ruhusa. Kifaa cha mwajiri kina data za mwajiri, na ukizifuta kabla hazijapelekwa kwenye seva utakuwa umeharibu kazi ya watu. Muulize afisa TEHAMA mambo mawili: je, data za kazi zimeshafika zote, na je, nani anafuta, mimi au ninyi? Taasisi nyingi husimamia vifaa vyao kwa mbali na huenda zimeizima kabisa nafasi ya mtumiaji kufuta mwenyewe. Hata hapo, mambo yako binafsi ni wajibu wako kuyatoa kabla ya kukabidhi.

Pili, hamisha unachotaka kubaki nacho, kisha kifungue kwenye kifaa kingine uone kama kinasomeka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala.

Tatu, toka kwenye akaunti. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomrudisha mtu ofisini wiki mbili baadaye. Tangu mwaka 2013 kwa Apple na 2015 kwa Android, vifaa vina kufuli la kuzuia wizi: kikifutwa kwa njia za nyuma bila akaunti kuondolewa, kikiwaka hudai barua pepe na nywila ya mwenye nacho wa mwisho. Mwalimu aliyekabidhiwa kishikwambi cha namna hiyo amekabidhiwa kigae. Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, ondoa akaunti ya Google na ya mtengenezaji kama ipo. Kwenye iPad, zima huduma ya kutafuta kifaa kisha utoke kwenye akaunti ya Apple. Kabla ya hapo pitia WhatsApp, Telegram, benki na huduma za pesa za simu, utoke moja baada ya nyingine.

Nne, chomoa laini na memori kadi. Kurejesha hali ya kiwandani kwa kawaida hakugusi memori kadi, na kadi nyingi hazijasimbwa. Kama kadi ni yako, ondoka nayo. Kama ni ya ofisi, fahamu kwamba kuifomati haraka ni kuondoa orodha tu, sawa na ilivyoelezwa juu. Kadi iliyobeba data za wagonjwa au wateja haipaswi kupewa mtu mwingine kabisa, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba kuikata vipande hakumtii hasara mtu yeyote.

Tano, futa. Chomeka chaja. Kwenye Android nenda Mipangilio, Mfumo, sehemu ya kuweka upya, chagua kufuta data yote. Kifaa kitadai namba ya siri ya kioo, iingize kianze. Kwenye iPad ni Mipangilio, sehemu ya jumla, mwisho kabisa wa orodha, palipo na kuhamisha au kuweka upya. Fuata njia ya Mipangilio ukiwa umeingia kihalali, kwa sababu njia ya vitufe vya pembeni ndiyo hasa inayoamsha kufuli la wizi.

Sita, kagua. Kifaa kikiwaka tena kinatakiwa kukusalimu kwa lugha nyingi na kukuomba uchague yako. Unganisha Wi-Fi usonge mbele hatua mbili tatu. Kisipodai akaunti ya mtu, umemaliza. Kizime hapohapo, usikisajili upya kwa jina lako eti ujaribu kama kinafanya kazi.

Kifaa kikigoma

Kifaa cha zamani, chenye Android iliyotangulia toleo la 6, kinahitaji hatua moja zaidi. Weka kwanza nywila ndefu ya herufi na namba, kisha uwashe usimbaji kwenye sehemu ya usalama, kikiwa kimejaa chaji na kimechomekwa, maana kazi inaweza kuzidi saa. Ndipo ufute. Urefu wa nywila una sababu: Simon na Anderson walikuta vifaa ambavyo hata vikiwa vimesimbwa, ufutaji wenye kasoro uliacha nyuma ufunguo ukiwa umefungwa kwa namba ya siri ya mtumiaji, na namba ya tarakimu nne kompyuta huikisia mara moja. Ukipenda kuongeza kinga, baada ya kufuta elekeza kamera darini, rekodi video mpaka hifadhi ijae, kisha futa tena. Haifikii kila kona ya chipu, lakini inazipunguza sana kurasa za zamani.

Kioo kinachoonyesha lakini hakisikii kidole kina tiba rahisi: adapta ndogo ya kuunganisha kipanya cha kompyuta. Ukichomeka, mshale unatokea kwenye Android na unaendelea kama kawaida. Kioo kikiwa giza lakini kifaa kinawaka na kina intaneti, ingia kwenye huduma ya Google au ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea ukitumia simu nyingine, uagize kifutwe kwa mbali. Agizo halifiki kwa kifaa kilichozimwa wala kisicho na bando.

Kilichokufa kabisa kinabaki na data zake. Hapo uamuzi ni wa mwenye kifaa. Kama lazima kirudi kwa muuzaji kwa ajili ya dhamana, badilisha nywila zote na ukiondoe kwenye orodha ya vifaa vya akaunti zako. Kama kinakwenda kuharibiwa, sumaku haina kazi kwa flashi, na nyundo iliyopasua kioo tu haijagusa kitu. Kinachotakiwa kuvunjika ni chipu yenyewe, na betri itolewe kwanza, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa hushika moto.

Tahadhari moja kuhusu fundi. Ukimpa kifaa akifute, unampa kwanza kila kilichomo. Futa wewe, yeye apelekewe kifaa kitupu.

Kilicho nje ya kifaa

Kufuta kifaa hakugusi nakala zilizopanda mtandaoni. Picha zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya Google zipo, na hilo kwa kawaida ni jambo jema. Ubaya huja pale akaunti yenyewe ilipokuwa ya ofisi: picha za harusi ya mdogo wako zimekaa kwenye hifadhi ya mwajiri na zitabaki huko baada ya wewe kuondoka. Kinyume chake pia hutokea, orodha ya wateja wa benki ikaishi kwenye akaunti binafsi ya mtu aliyeacha kazi mwaka jana, kwa sababu tu kifaa kilikuwa kinahifadhi majina ya simu kwenye akaunti yake.

Kwa hiyo ukishakabidhi, fungua ukurasa wa usalama wa akaunti yako kwenye simu, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, kiondoe kile kishikwambi. Fanya hivyo pia kwenye vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp. Tazama majina ya simu, usiyoyahitaji ya kazi uyafute. Dakika kumi zinatosha.

Mstari mmoja kwenye fomu

Hapa mtu mmojammoja anaishia, na taasisi inaanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Sheria zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita haja iliyomfanya azikusanye. Taarifa za mjamzito zilizobaki kwenye kishikwambi kilichohamishiwa mradi wa kilimo zimepita haja yake, na anayewajibika ni taasisi iliyozikusanya. Kusema kwamba mhudumu alisahau kufuta hakuiondolei taasisi mzigo huo.

Hata hivyo fomu nyingi za makabidhiano bado ni zile za enzi ya taipureta: namba ya kifaa, hali ya kioo, chaja, kava, saini. Ziongezewe mstari mmoja unaosema kifaa kimefutwa mbele ya pande zote mbili, kikawashwa, kikaonekana hakidai akaunti ya mtu, na memori kadi imetolewa. Mpokeaji asisaini kabla hajaiona salamu ya kuchagua lugha kwa macho yake. Na siku ya kutoa kifaa, fomu ya kupokelea iulize kama namba ya siri imewekwa na usimbaji umewashwa, kwa sababu ufunguo ambao haukuwepo mwanzo hauwezi kuharibiwa mwisho.

Mashirika yanayosubiri bajeti ya programu ghali za kusimamia vifaa yanaweza kuanza na karatasi hiyo wiki hii. Nawe kama fomu ya ofisi yako haina mstari huo, uandike kwa mkono chini ya saini, na umwombe mwenye stoo asaini pembeni yake.